Mkasi Juu ya Nyumba

Ndugu yangu Rajabu,

Mimi Kondo nina miaka themanini na mitatu. Nimezika wake wawili, nimezika daktari aliyesema sifiki mwaka, na sasa nimekuzika wewe uliyekuwa ukinicheka nikiendesha baiskeli kwenye barafu. Nimebaki.

Jumamosi ni arobaini yako, ukumbini hapa Skärholmen, Sweden. Binti yako Mwanaidi kanipigia, kasema, "Baba Kondo, shahidi ni wewe. Simama uwaambie watoto babu yangu alivyoibiwa ubunge." Nikaitika. Tangu hapo naandika barua hii, nachana, naanza upya.

Maana Idi naye anakuja. Yule wa Märsta anayefanya usafi uwanja wa ndege, mjukuu wa karani Shomari aliyehesabu kura. Miaka yote hukumpa mkono. "Damu ya mwizi," ulisema. Siku ya kukuzika alisimama mbali peke yake kwenye theluji, akaitikia dua. Mwanaidi kaapa, akitia mguu Jumamosi atamtoa mbele za watu.

Rajabu, karani hakuiba.

Unakumbuka zile picha za kwenye karatasi za kura, baba yako jembe, mpinzani wake nyumba. Kijiji hakijui kusoma, msomi nani? Mimi, darasa la pili! Nikapita mlango kwa mlango nafundisha kupiga kura, na nilifundisha vizuri, hakuna aliyenikosea. Nikawaambia, mwalimu akikutia mkasi, ile alama ya X, si umekosa? Basi mtieni mkasi yule msiyemtaka. Wakaenda wote wakaitia nyumba mkasi. Kumbe mkasi ndio kura yenyewe.

Nilijua pale pale karani alipotangaza. Baba yako akalia, "Nimeibiwa!" Nami nikalia, tena kwa sauti kuliko yake. Ukanishika bega, ukasema, "Kondo, wewe ndiye ndugu." Ningesemaje? Tumekuja huku, tumekula sahani moja, wewe unamlaani Shomari na mimi naitikia. Naitikia, Rajabu.

Nikasirikie, haki yako.

Jumamosi nitasema kabla ya chakula, Idi nimemshika mkono. Mwanaidi akitaka kutoa mtu aanze na mimi, na mimi sitoki kirahisi, unanijua. Nakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu. Wakibisha, wamuulize Bi Zuhura wa kijijini kwetu, sasa yuko Södertälje. Yu hai, akili timamu. Mkasi wake wa kwanza maishani aliuchora uani kwao, kidole chake nimekishika mimi.

Kondo