Karanga Tano na Ulimi Wangu

Alhamisi, kabla ya magharibi. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto tupu. Nimefunga sunna, na roho haitulii.

Ngoja niseme ilivyokuwa.

Pale chekechea yetu Ujiji nina mchezo wa kuwafunza watoto kujizuia. Kila mmoja namwekea karanga tano mezani, anafumba macho, anasubiri nipige makofi matatu ndipo ale. Wanajipindapinda, wanacheka chini chini, lakini wanasubiri. Najivunia mchezo huu, mimi wa darasa la saba na kozi fupi.

Leo Goreti hakusubiri. Ana miaka sita, katoka kambi ya wakimbizi mwezi uliopita, anakaa kwa shangazi yake, mtaa wa Katubuka. Kofi la kwanza tu, kala zake, kala na za Zuhura.

"Mwalimu, kanimalizia!" Zuhura akalia.

Nikamuuliza Goreti kwa nini. Akanijibu bila woga, "Kwetu ukifumba macho wanakuchukulia."

Nami nikafoka, "Hapa si kwenu!"

Maneno matatu. Darasa zima likacheka.

Mapumziko nikawasikia uani wanamwimbia: si kwenu, si kwenu! Nilipotoka kuwanyamazisha, Goreti hayupo, na mfuko wake wa daftari haupo.

Alasiri nikaenda Katubuka. Nikamwona kwa mbali, yuko barazani kwa shangazi yake anachambua dagaa, mzima, alhamdulillahi. Nikageuza. Nilijiambia nawahi kupika futari.

Uongo. Jua lilikuwa bado juu.

Mola anisamehe. Tangu alfajiri sijatia hata tone la maji mdomoni, nikajiona nimejizuia. Kumbe tumbo nimelifunga, ulimi nimeuacha unazurura. Na yule mtoto alifanya vile vile alivyofunzwa na foleni za chakula kule kambini.

Naweza kumpelekea karanga kimya kimya, yaishe. Lakini nilimuumiza mbele ya wenzake wote. Radhi ya uchochoroni haitoshi.

Kesho nitapita kumchukua kabla ya kengele, shangazi yake akinikubalia. Darasani nitasema nimekosea, wasikie hao hao waliocheka. Kisha Goreti ndiye atakayepiga makofi, na mimi nitafumba macho, karanga zangu tano mbele yake.

Akizichukua je?

Azichukue.