Kidoa cha Kijani kwenye Paji la Bibi Mwajabu

Mkokoni, Deltani
8 Septemba 2016

Kaka Ismaily,

Kabla ya salamu nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile picha ni mimi niliyeipiga.

Sasa shikamoo. Sisi huku tunapumua, Baba kifua kimepungua, Mama anakusalimu kwa siri kama kawaida. Wewe je, na studio yako hapo Kibiti?

Picha ninayosema nadhani imekufikia, maana imeshafika kila mahali. Siku jua lilipopatwa, Alhamisi iliyopita, nilikwenda kwa Bibi Mwajabu kusuka ukili. Unamkumbuka, jirani yetu, anayeishi juu ya dungu, kile kibanda chake cha nguzo ndefu, tangu mumewe afariki. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nipige na mimi, umtumie mwanangu Abdala kule Mohoro aone kuwa bado nina meno." Akavaa ushungi mpya. Yeye alisimama juu ya dungu, mimi nikalala chini kwenye majani makavu ili nimpate yeye na jua pamoja. Jua lilikuwa limeliwa, limebaki ukucha.

Kwenye picha jua limetoka jeupe tupu, kama taa. Lakini kwenye paji la Bibi kuna kitu cha kijani, chembamba, kimepinda kama hilali.

Nikaenda gatini kwenye mtandao, nikamtumia Abdala bila kujitaja. Yeye akaiweka kwenye kundi akiuliza, "Jamani, hiki nini kwa mama yangu?" Ikazunguka, ikarudi hapa kwenye simu za vijana, na hakuna anayejua ilitoka wapi. Tangu jua lipatwe wamekufa watoto wawili kwa kuhara. Sasa watu wanasema Bibi alilila jua, alama ikambakia. Jana hakuna aliyemuuzia hata chumvi.

Kukupigia naogopa. Mtandao uko gatini tu, watu wamejaa, na Baba hajui kama ulinipa simu. Ndiyo maana nampa Saidy wa boti barua.

Kaka, kile kitu ni nini?

Mdogo wako,
Hafsa

Kibiti
10 Septemba 2016

Mdogo wangu Hafsa,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu na kuinama kwenye kompyuta. Mwambie Mama salamu zimefika na mimi zangu nazirudisha kwa mlango huohuo wa siri.

Tulia unisikilize. Kile si kitu. Ni jua lenyewe. Lenzi ina vioo kadhaa ndani. Mwanga mkali ukiingia moja kwa moja unadunda kutoka kioo hadi kioo, unaacha vidoa kwenye picha. Siku zote kidoa huwa duara kwa sababu jua ni duara. Siku ile jua lilikuwa hilali, nacho kikawa hilali, tena kimegeuzwa juu chini. Bila shaka na simu ilikuwa ndani ya kile kifuko cha nailoni cha kuzuia maji ya chumvi. Hicho ndicho kimezidisha. Ningekuwapo ningekwambia utoe kifuko, ulifiche jua nyuma ya boriti ya dungu, au ukinge kiganja juu ya lenzi.

Mimi mwenyewe nilipiga watu hapa nje ya studio siku hiyohiyo. Wa bodaboda ana kidoa kwenye goti, mbuzi wa jirani anacho mkiani. Mbona mbuzi hajaambiwa mchawi?

Fanya hivi. Mpe Baba simu mkononi, aielekeze juani, kisha aigeuze taratibu. Ataona kidoa kinakimbia kwenye kioo kila akigeuza. Kitu kilicho kwenye paji la mtu hakikimbii. Mimi hatanisikiliza, unajua alivyosema siku ile, kwamba kazi yangu ni kuchora masanamu na nisikanyage kwake. Wewe atakusikiliza. Wewe ndiye anayekusifu kwa watu kuwa unasoma.

Halafu nijibu moja. Kidoa kile huonekana kwenye simu hata kabla hujabonyeza. Wewe hukukiona?

Kaka yako,
Ismaily

Mkokoni
14 Septemba 2016

Kaka,

Shikamoo. Idi tumeila. Natumai huko mmesherehekea vizuri.

Nilikiona.

Nilipokuwa nimelala pale chini kilikuwa kwenye nguzo ya dungu. Nikasogeza simu kidogo kikapanda kwenye kanga yake. Nikasogeza tena kikamkaa kwenye paji sawasawa, kama pambo la bibi harusi. Nikaona amependeza. Ndipo nikabonyeza. Kaka, nilikiweka mwenyewe. Sikukuambia mara ya kwanza kwa sababu nilitaka iwe bahati mbaya.

Wazee wamemleta fundi wa kunyoa wachawi. Amefikia kwetu, analala chumba chako. Baba ndiye aliyemfuata, maana mtoto mmoja aliyekufa ni wa rafiki yake. Ijumaa Bibi Mwajabu atanyolewa mbele ya watu na kunyweshwa dawa. Fundi anasema asiye na kitu dawa haimdhuru.

Nilijaribu, wallahi. Jana nilifukua simu kwenye pipa la mpunga, nikaifunga kwenye ncha ya kanga, nikatoka uani. Baba na fundi walikuwa wanakula. Mwanga wa kudunda tulifundishwa kidato cha pili, kwa Kiingereza, na mtihani niliupasua. Pale mlangoni nikatafuta maneno ya kumwambia Baba, nisilipate hata moja.

Baba akasema, "Wewe, unasimama kama mlingoti, una nini?"

Nikasema, "Nauliza kama mnataka maji."

Fundi akacheka. "Binti yako mzuri huyu, mzee. Hana mdomo."

Nikawaletea maji.

Mdogo wako,
Hafsa

Kibiti
15 Septemba 2016

Hafsa mdogo wangu,

Saidy ananisubiri na pikipiki inawaka, salamu nyingi nitakupa nikikuona.

Nimesafisha picha kumi na mbili, zimo kwenye bahasha hii. Zote za siku ile. Mbuzi yumo, bodaboda yumo, mama muuza maandazi yumo. Ya mwisho ni yangu mwenyewe, nimejipiga nikakiweka kidoa kwenye paji langu makusudi, kumbe ni palepale ulipokiweka wewe. Usiseme neno kama huwezi. Zitandike mbele ya Baba uondoke. Macho anayo.

Ulikiweka kwa kuona uzuri. Mimi hukiweka kwa maharusi wanaonilipa. Kosa lako si hilo. Kosa litakuwa kunyamaza kesho.

Mimi nakuja kwa boti ya Jumatano. Anifukuze nikiwa nimeshasema.

Kaka yako,
Ismaily

Mkokoni
20 Septemba 2016, Jumanne

Kaka Ismaily,

Shikamoo. Sikuulizi hali. Soma mstari huu kwanza: usije kesho. Boti ya Saidy inaondoka na maji ya alasiri hii na barua hii lazima iwemo.

Bahasha yako ilifika Jumapili mchana. Mashine ilimzimikia Saidy akiwa Nyamisati, akakaa siku mbili akisubiri spea. Jumapili mchana tulikuwa tunatoka kumzika Bibi.

Ijumaa walimkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikuwa na nywele nyingi kaka, nyeupe, sikuwahi kuziona zote. Fundi akamwonyesha simu ya kijana mmoja. "Bibi, nani alikupiga picha hii?" Nilikuwa nimesimama na wasichana, hatua kumi hivi. Bibi akaniangalia. Akaniangalia kabisa. Kisha akamwambia fundi, "Baba, macho yangu mabovu. Sikumwona." Wakamnyoa. Akanywa kibuyu kizima. Jumamosi alitapika kutwa, hakuna aliyepanda dungu ila Mama, naye kwa kujificha. Jumapili asubuhi kimya.

Sasa wanasema kumbe kweli alikuwa nacho, si dawa imemuua.

Simu nimeitupa mtoni. Picha zako nilizitandika peke yangu. Ukiziona pamoja hata mtoto anaelewa. Nilikuwa namngoja Baba arudi msikitini nimtandikie. Lakini jana fundi alisema barazani kwamba alama haizikwi na mwenyewe, inatafuta paji jingine, na yeye haondoki mpaka aione imehamia wapi. Watu wakaitikia. Baba akaitikia.

Nikiwaonyesha mbuzi watacheka. Nikiwaonyesha wewe hawatacheka. Nilitaka kuichoma hiyo moja nibaki na kumi na moja, nikashindwa, sura yako imetoka vizuri. Halafu nikafikiri, wewe utakuja na nyingine mfukoni. Utazitoa mbele yao na kuzieleza kwa sauti, ndivyo ulivyo. Na kinu bado kimepinduliwa pale uwanjani, hakuna aliyekirudisha.

Kaka, usije. Nitamwambia Baba mimi. Leo hii nitamwambia, nikishampa Saidy barua. Nimeshayapanga maneno kwa Kiswahili, nimeyaandika hata nyuma ya

Kuna mtu anakuja. Ni Baba, kandambili ya kushoto inaburuta. Na mwingine nyuma yake, anacheka. Saidy anapiga honi gatini, mara ya pili hiyo.

Picha nimezikalia. Barua naisukuma chini ya mkeka alionisukia Bibi.