Wali wa Bibi wa Kitabuni

Daegu, 3 Julai 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila joto la huku halituachi tulale.

Mama, usinikasirikie kwa kurudia yale yale. Tangu vita, ulipomwacha Bibi kule Korea Kaskazini, hujapata habari zake. Wakimbizi wenzako hapo Sokcho wameshawawekea wazazi wao wali wa tambiko. Bibi yetu mpaka lini? Basi, sikulazimishi. Nakutumia riwaya tu, ya watu wa kawaida katika vita ile. Isome ukipumzika.

Mwanao,
Gyeong-nan

Sokcho, 10 Agosti

Mwanangu Gyeong-nan,

Hujambo? Mkwe wangu je? Mimi mzima, ila goti ndilo kaidi.

Wewe mtoto wewe! Umenitumia kitabu au pilipili? Naanika ngisi huku nalia, hadi jirani, Mama Bong-sik, akadhani nimefiwa. Yule bibi anakataa kukimbia eti ng'ombe wake ana mimba, kisha anakufa peke yake jikoni! Mwandishi huyo hana mama? Si angemwachia hata mtu mmoja wa kumfumba macho?

Na hiyo habari ya wali, koma. Wali wa tambiko ni wa wafu. Mama yangu ana miaka sabini na nane tu, na kwetu watu hufika tisini. Nikimwekea bakuli, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu.

Mama yako

Daegu, 25 Septemba

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Mama Bong-sik kanipigia simu. Anasema sikukuu ya mavuno uliweka bakuli la pili kando ya lile la marehemu Baba, ukasema ni la bibi wa kitabuni. Watu wanacheka, eti umeanza kuchanganyikiwa. Mama, yule bibi katungwa tu! Niambie kweli, nina wasiwasi.

Mwanao,
Gyeong-nan

Sokcho, 13 Oktoba

Mwanangu,

Salama? Mimi salama, na akili ninayo. Waache wacheke, midomo ni yao.

Najua katungwa. Ndiyo maana niliweza. Nilimpikia, nikamwinamia, nikalia hadi nikachoka, na sikuwa nimemuua mtu. Ila nilipoinua kichwa nikajikuta namwita Mama.

Jana ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yetu ya zamani, siku ya wafu wasiojulikana walikufa lini. Nikapika tena. Safari hii nikaandika jina la mama yangu mwenyewe kwenye karatasi ya tambiko: Cho Bun-nyeo. Nikamwambia, Mama, kama ungali hai, nisamehe mwanao. Kama umekufa, karibu nyumbani.

Sasa unajua, tambiko likiisha, wenye nyumba lazima wale kile chakula. Nimekaa nacho tangu jana. Nikitia kijiko mdomoni, wali haupiti kooni. Njoo, mwanangu, tuule wote wawili.

Mama yako