Bega Lako, Baba

Baba yangu,

Nimekaa kibarazani kwako hapa Ipogolo, lenzi yako iko mapajani. Umeondoka na siri, na unanijua, mimi sipendi kufichwa.

Unakumbuka siku uliyoileta? Miaka yote uliwapiga picha wanyama wa Ruaha kwa lenzi nzito kama debe la viazi, ukisema lenzi nyepesi ni za watalii. Mara ukarudi na hii, nyepesi, pamoja na telekonveta, kile kipande kifupi kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili mnyama wa mbali aonekane karibu. Mama alisema umeuziwa bandia. Mimi nikanusa jambo. Ni wewe uliyenifundisha kwamba kipande hicho kinakupa umbali lakini kinakula mwanga. Nilipokuuliza imekuwaje, ulijibu neno moja tu, "Bega."

Wiki hiyohiyo nilikuona kijijini Igowole ukishusha magunia ya mahindi ya shangazi huku unapiga mluzi.

Kisha zikaja safari zetu. Kila alipotokea mnyama wa maana, bega lako nalo likaanza. Siku ya yule tandala dume ng'ambo ya mto, ulinivisha mkanda wa kamera shingoni ukasema, "Shika kidogo, mwanangu, bega linanimaliza." Ukaninong'oneza nisubiri jua lipande, maana mwanga ulikuwa bado mchache kwa kipande kile. Tukasubiri. Akainua kichwa na pembe zake zilizojisokota, nikabonyeza. Ulipoitazama picha ulifuta macho, ukasema vumbi. Nalo hilo vumbi nililitilia shaka, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Juzi tumemaliza msiba, ukoo ukakaa kugawa vitu vyako. Koti alipewa baba mdogo. Kaka, aliyekuja kutoka Mbeya, akaidai lenzi kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, na mnunuzi alishampata. Moyo uliniuma. Bila lenzi hiyo, Baba, mimi narudi kupiga picha za pasipoti tu.

Kaka akaivaa mbele ya watu, ikiwa imefungwa kwenye kamera yako. Mkanda ukambana, kamera ikamkaa kwapani. Akajaribu kuurefusha, haukwenda. Kumbe uliupeleka kwa fundi viatu akaufupisha na kuushona kwa uzi mnene, pande zote mbili. Baba mdogo akanigeukia, akasema, "Hebu vaa wewe."

Nikavaa, mimi mwenye umbo dogo. Ikanikaa kiunoni, sawasawa kabisa. Hakuna aliyebisha, hata kaka alicheka, akasema mzee alikuwa mjanja.

Jana nimemuuliza Mama habari za bega. Alinishangaa. "Bega gani? Mpaka anaanza kuugua alikuwa anabeba simenti ya kanisa."

Kesho naenda Ruaha, mara ya kwanza bila wewe. Nina hasira na wewe kidogo, na nimekukumbuka sana. Nikimkuta tandala nitasubiri jua lipande, kama ulivyonielekeza. Lakini ukiweza, hata ndotoni, nijibu hili moja nitulie: hilo bega, kuna siku hata moja lilikuuma?

Lala salama, Baba.

Ni mimi, binti yako asiyeamini mtu.