Kaunta Fupi

9 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu, na naomba barua hii ikukute mzima, kifua kikiwa kimepona vumbi la hilo ghala lenu. Sisi huku hatujambo. Shangazi yako wa nyumba ya pili anakusalimu. Magoti yangu yananikumbuka asubuhi, ikifika saa nne yananisahau.

Utajiuliza kwa nini leo naandika na simu ninayo. Nyumba haina siri tena. Tangu fundi wako avunje ukuta wa jikoni, nikipiga chafya chumbani yeye ananiambia "afya, mama" akiwa juu ya ngazi. Sasa nitakupigia vipi kumsema yeye, naye yupo anasikia? Kwa hiyo nimeandika, na barua nimeipeleka mwenyewe ofisi ya mabasi.

Jiko la gesi liko sebuleni, ubavuni mwa cherehani. Wiki iliyopita nilimkabidhi mteja gauni lake, akalinusa mbele yangu. "Mama, mbona linanukia vitunguu?" Nikalifua upya. Vyombo naosha bafuni, nimeinama kama naokota sindano. Silalamiki. Jiko la zamani lilikuwa linavuja kila kona, na wazo la kulitengeneza lilikuwa jema. Ninayemlalamikia ni huyu Fundi Penseli. Jina nimempa mimi, maana penseli haimtoki sikioni hata akila.

Amejenga kaunta. Nimesimama mbele yake, inanifika pajani. Mimi si mrefu, unanijua. Nikamuuliza, "Fundi, hapa atakatia nani vitunguu, sungura?" Akasema, "Ndivyo mchoro unavyotaka, mama." Mchoro wenyewe uko kwenye simu yake na hajanionyesha. Mimi naona anabana matofali ayauze. Kila jioni pikipiki yake inaondoka na gunia nyuma, limefungwa kamba vizuri sana. Nikiuliza, ni kifusi. Kifusi gani kinabembelezwa hivyo? Na simu yake ikiita anatoka nje mpaka kwenye kamba za nguo. Mtu anayejibu habari za saruji anaficha nini?

Nipigie simu ya video nikuonyeshe hiyo kaunta uione kwa macho yako. Siku hizi unapiga sauti tu.

Mimi mama yako.


16 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimeifurahia, ingawa nasikitika kwa usumbufu. Mimi mzima kabisa, kifua hakinisumbui. Ni kazi tu zimekuwa nyingi.

Fundi namwamini, mama. Mwache amalize. Kaunta za siku hizi ndivyo zilivyo, utazizoea. Vigae vya sakafuni ni vile visivyoteleza, nimevichagua mwenyewe. Tafadhali usiinamie vyombo bafuni, mwombe shangazi akuazime meza ndogo uweke beseni juu. Na usipande ngazi ya fundi kukagua kitu chochote.

Kamera ya simu imeharibika, ndiyo sababu napiga sauti tu. Nitakuja jiko likiisha.

Mwanao akupendaye.


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Nashukuru kwa salamu. Nami ni mzima, ila nimekonda kidogo kwa vumbi na kwa mawazo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imejibu maswali ambayo sikuuliza. Vigae visivyoteleza sikuviulizia.

Nianze kwa kumtoa fundi hatiani. Juzi alipokwenda kunywa maji kwa shangazi yako, nililifungua lile gunia. Lilikuwa kifusi kweli. Nikalifunga, kamba ikakaa vibaya, akajua. Alilegeza fundo, akalifunga upya, akaniuliza kama nina chai. Nilimmiminia. Tangu siku hiyo macho yangu yamehama kwake yamekuja kwako.

Uliniambia ni jikoni tu. Mlango wa jikoni umepanuliwa, sawa. Mlango wa bafuni umepanuliwa kwa nini? Na wa chumba chako cha zamani, ambacho hakuna anayelala humo? Ngazi mbili za mlango wa nyuma zimevunjwa, umewekwa mteremko wa zege. Chini ya sinki pako wazi, hakuna kabati, ndoo zangu zinatazamana na wageni. Swichi za taa zimeshushwa hadi kiunoni kwangu. Swichi, mwanangu. Huo nao ni mtindo wa siku hizi?

Shangazi yako ameshatoa hukumu. Anasema unataka kuigeuza nyumba iwe mgahawa, milango mipana ni ya kupitisha meza. Mimi nilimkatalia mbele yake, lakini nikiwa peke yangu napima naona anaweza kuwa na haki. Kama unaipangisha nyumba, mimi ndiye niliyemo ndani yake, nilistahili kuambiwa wa kwanza. Kama unaiuza, sema. Au umeoa, na huyo uliyemwoa ana jamaa wa kuja kukaa hapa?

Nimembana fundi. Nilisimama mlangoni, upana wote huo mpya nikauziba kwa mikono. Akatazama chini, akasema, "Mama, nimemwapia mwanao." Umemwapisha mtu ndani ya nyumba yangu, juu ya sufuria zangu? Kuna neno gani ambalo fundi analijua na mimi silijui?

Na hiyo kamera. Imeharibika tangu Novemba. Katika mji mzima huo hakuna mtu wa kuitengeneza?

Mama yako.


10 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesikia kila ulichosema na una haki ya kukasirika.

Siuzi nyumba. Sipangishi. Sijaoa. Hakuna mgahawa, mwambie shangazi apumzike. Naomba jambo moja tu, uniamini mpaka jiko liishe nije mwenyewe. Mambo mengine hayaandikiki.

Mwanao.


24 Machi

Baba yangu,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini uko salama. Mimi sijambo kwa sasa.

Safari hii sikuulizi kuhusu fundi. Nimeelewa, na nimetulia.

Jumatatu nilikwenda hospitali kuchukua dawa ya magoti. Pale mlango wa duka la dawa kulikuwa na mama mmoja amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mlango ni mwembamba, kiti kikakwama. Wanaume wawili wakamnyanyua na kiti chake kama kabati, na yeye akawa anaangalia dari asiwaone watu wanaomwona. Nilirudi nyumbani, nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima mlango wetu wa jikoni. Kile kiti kinapita na nafasi inabaki. Nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya kaunta. Nikikaa, kaunta inanifika sawasawa.

Nikakumbuka Januari. Walinipiga picha ya magoti, na daktari akasema majibu atakupigia wewe kwa sababu namba iliyo kwenye faili langu ni yako. Ukaniambia, "Ni umri tu, mama." Na mwezi uleule ukamtuma fundi.

Sikulaumu. Umenijengea kabla sijaanguka, si kila mtoto angefanya hivyo. Lakini ungeniambia. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Bila miguu ni meza tu. Nimewarudishia wateja vitambaa ambavyo sijavikata, nimewaambia nimechoka macho. Cherehani nimempa shangazi yako anitafutie mtu wa kuinunua, imeshahamia kwake. Nimemaliza gauni moja tu lililokuwa katikati.

Naomba sasa uniandikie ukweli aliokwambia daktari. Ni miaka, au ni miezi? Nataka kujua ili nitembee sehemu ninazotaka kutembea wakati bado naweza.

Mama yako.


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Hii barua nimempa dereva wa basi mkononi na nimemwomba aifikishe leo.

Irudishe cherehani. Kabla hujasoma zaidi, mwite shangazi, mwambie airudishe. Magoti yako yamechakaa kidogo, basi. Daktari alisema dawa, na kutembea kila siku. Hakusema lingine lolote. Wewe utatembea.

Kiti ni changu.

Ilikuwa Novemba, ghalani. Rafu ya juu ilikuwa imejazwa mabati kuliko uwezo wake, nami nilikuwa chini nakagua mzigo. Nilisikia chuma kikilia, nikageuka nikimbie, na nilipogeuka ndipo mgongo ulipopokea mabati. Nilipozinduka hospitali nilihisi mikono, nikahisi shingo, nikawa nasubiri miguu. Bado naisubiri, ila madaktari wameacha kusubiri.

Nilipotoka tulihama ghorofani, tukapata chumba cha chini. Nimejifunza kujivalisha, kujiogesha, kujitoa kitandani na kujirudisha. Kazini wamenipa dawati na hesabu za mzigo. Vyote hivyo nimeviweza kuliko kukwambia wewe.

Sikukuficha kwa kukudharau. Nilijua ungekuja siku hiyohiyo. Ungekuja na mfuko mmoja, ukaacha wateja na cherehani, ukanilisha kwa kijiko, na mimi ningefungua mdomo. Nisingejaribu kitu tena, mama. Najijua. Nilitaka kwanza niwe mtu anayeweza. Nikapanga jiko likiisha nije, niingie kwa mlango wa nyuma bila kushikwa na mtu, nikuchemshie chai wewe ukiwa umekaa, ndipo unione vizuri. Sikufikiri kwamba wakati mimi napanga hivyo wewe utakuwa unaiaga miguu yako. Kwa hilo nisamehe.

Fundi tulisoma naye chuo cha ufundi. Alikuja kunitazama hospitali, akaona jinsi nilivyokuwa nikiogopa kuja nyumbani, na yeye ndiye aliyechora jiko. Nilimwapisha. Hata ulipomshuku wizi alinipigia akicheka, akasema, "Mama yako ana macho, mwambie haraka uniokoe."

Sasa umejua. Nitakubali lolote utakalosema.

Mwanao.


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Nikipiga simu, shangazi anapokea, anasema hujambo na uko kazini, lakini kazi yenyewe haisemi. Fundi naye hapokei kabisa, na yeye hana tabia hiyo.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Nitayasoma yote.

Mwanao.


2 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Uzima upo, wangu na wa shangazi yako, na magoti yanaitikia dawa. Za kwako sikuulizi, maana nimeshajua kwamba ukiulizwa hujambo unasema hujambo.

Barua yako ilipofika nilimwambia fundi aende kwao. Aliondoka na kuacha mwiko wake kwenye ndoo, saruji ikaukaukia. Nikakaa sakafuni, kwenye hivyo vigae vyako visivyoteleza. Nilikulilia, kisha nikakukasirikia, kisha nikarudia mwanzo. Shangazi yako alikuja na chakula, akakaa chini na yeye. Miezi yote hiyo ulikuwa unajifunza upya kujitoa kitandani na mimi huku nalalamika kuhusu vitunguu kwenye gauni. Hilo bado halijaniisha, na usitegemee liishe kwa barua.

Nilikuwa tayari nimefunga mfuko, ule mmoja uliousema. Halafu nikasoma tena pale penye kijiko. Nikaufungua.

Nikaenda hospitali nikaazima kiti cha magurudumu. Nilimwambia muuguzi ni kwa ajili yangu. Akaniandika daftarini, akanitazama nikitoka nakisukuma mwenyewe barabarani, akatikisa kichwa. Nikakileta nyumbani, nikakikalia, nikaapa sitanyanyuka mpaka maharage yaive.

Mwanangu, wewe na rafiki yako mmechora vizuri lakini nyote wawili hampiki. Bomba la maji liko nyuma mno, nilimwagia maji mapajani badala ya sufuria. Majiko mmeyapanga moja mbele moja nyuma, kwa hiyo kufikia la nyuma mkono unapita juu ya moto. Mkono wa blauzi yangu umeungua. Kisha nikaipua sufuria, hapakuwa na pa kuiweka karibu, nikaishusha mapajani. Niliruka. Niliapa sitanyanyuka na niliruka, kwa sababu niliusikia moto. Nikasimama pale katikati ya maharage yaliyomwagika nikafikiri kwamba wewe usingeusikia. Ungeendelea kukaa, sufuria inakuunguza, na wewe unaongea na mimi.

Hapo ndipo kilio kilipokoma, nikamwita fundi.

Nilimwomba radhi mlangoni. Akauliza, "Hata la gunia, mama?" Nikamwambia hata la gunia. Halafu nikamwambia avunje kaunta. Tukabishana sana. Alisema mchoro, nikamwambia akae kwenye kiti apike. Alikaa. Alipika mayai. Alipotoka hapo akachukua nyundo bila mimi kusema tena. Nilimkataza kupokea simu zako, na mara hii aliniapia mimi. Sasa bomba liko ubavuni, majiko yako sambamba, na mbele yake kuna ukingo mpana wa kuwekea kitu cha moto kabla hakijafika kwako. Ndiyo sababu sikujibu. Nilikuwa sina jiko la kukuambia uje.

Cherehani imerudi. Shangazi yako alikuwa ameshaiwekea kitambaa na chombo cha maua, ilibidi tubembelezane.

Njoo. Ingia kwa mlango wa nyuma kama ulivyotaka. Chai utachemsha wewe, nami nitakaa. Mikono nitaikalia ikibidi.

Limebaki moja. Barua yako naijua sasa kwa moyo. Umeandika "tulihama". Umeandika "tukapata chumba". Machi uliniambia hujaoa, na sitaki kuamini kwamba hata hilo ulinidanganya. Lakini mtu mmoja hasemi "tulihama". Wewe na nani?

Niandikie upesi, na unitajie urefu wake. Fundi bado yupo, na upande wa pili wa kaunta saruji haijakauka.

Mama yako.