Mama, Huku Jua Halingojewi

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini sikuwahi kuanza maneno na wewe bila salamu na sitaanza leo. Nakuandikia hadharani makusudi, ili Kaka Hamisi na mashangazi wasome kwa macho yao, maana nikiwaeleza kwa simu wananisikia vile wanavyotaka. Kaka anataka jibu kabla mwezi haujaandama: nirudi Kerege nikae nyumbani kwako na kuishika meza yako ya vitumbua, au nibaki huku Mufindi kwenye ukungu. Jibu ninalo. Ila nianze kwanza na wewe.

Unakumbuka asubuhi zetu? Ukishamaliza sala ya alfajiri unakoroga unga wa mchele na tui, unatia hamira na hiliki, unafunika ndoo kwa kawa, unaiweka kwenye kibaraza cha upande wa mashariki. Halafu unakaa. Hukuwa mtu wa kukaa, mama, ila hapo ulikaa. Jua likipanda juu ya paa la jirani na kuipiga ndoo, ulinikonyeza. "Mpishi kaja," ulisema. "Sisi wasaidizi tu." Saa nne mafundi waliokuwa wakijenga kwenye viwanja vya watu wa Dar walikuwa wameshajipanga mbele ya meza, na mimi nawahesabia vitumbua kwenye gazeti huku wewe ukiwasuta wanaochagua.

Mimi kupika kwako sikufundishwa, nilikuona tu. Nikaamini kwamba unga huumuliwa na jua, kama vile nguo hukaushwa na jua, na kwamba popote Mungu alipoweka watu ameweka na jua la kuwatosha.

Kisha akaja Mussa na posa yake, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, mtu wa Iringa, mpole, hana neno. Ulimpenda, usikatae, nilikuona ukimwongezea samaki. Ulichokataa ni kwake. "Huko hata kuku wanavaa sweta," ulisema. Na siku ya kuondoka, badala ya dua ukanipa hukumu: "Miezi mitatu. Utarudi mwenyewe." Nikapanda gari nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha.

Ukungu wa huku, mama, haushuki kutoka juu kama nilivyodhani. Unapanda kutoka mabondeni, unapita kwenye mashamba ya chai, unaingia uani bila hodi. Mti wa mbele ya mlango huuoni, unajua upo kwa sababu jana uliuona. Kanga nilizoanika Jumatatu nilizianua Alhamisi zikiwa mbichi vilevile, zikinuka uvundo. Mafuta ya nazi uliyonifungia kwenye chupa yaliganda, yakawa meupe. Nikadhani yameharibika, nikayamwaga yote nyuma ya nyumba, chupa mbili nzima, Mussa akaja kunikuta nanawa mikono. Mtu wa pwani amwage mafuta ya nazi kwa sababu ya baridi! Nililia siku hiyo, na sikulia kwa ajili ya mafuta.

Nikaanza vitumbua. Kila asubuhi nilikoroga, nikafunika, nikatoa ndoo nje upande wa mashariki, nikakaa nimejifunga blanketi. Wachuma chai walipita na vikapu mgongoni wakiniamkia "kamwene", wakapotea kwenye weupe. Nikangoja. Saa tatu, saa nne. Unga ulilala tu. Siku ya tisa au ya kumi jirani yangu, Mama Atu, akasimama kwenye ua wake akiniangalia.

"Unamngoja nani, dada?"

"Jua."

Alicheka mpaka akashika mti wa ua. "Huku jua halingojewi! Likija, karibu. Lisipokuja, kazi."

Nilimchukia. Niliingia ndani na ndoo yangu, nikakaanga hivyohivyo, vikatoka vigumu, vya kumpigia mbwa.

Nilikuwa hapo bado, mama, wakati ulipoondoka. Simu ilipigwa jioni. Kaka akasema watakusitiri kesho yake, wananisubiri mpaka kabla ya magharibi, zaidi ya hapo haiwezekani. Alfajiri tulikuwa kwenye gari, mimi na Mussa, na gari halikuondoka. Dereva alikuwa akishuka, anatembea hatua kumi mbele, anarudi akitikisa kichwa. Hakuona barabara. Saa kumi na mbili, saa moja, saa tatu. Nilimwambia aende tu, nitashuka nimtangulie kwa miguu nikiwa nimevaa kitambaa cheupe. Akanijibu kwa adabu, "Mama, nimebeba watu." Tuliondoka saa nne. Nilipofika Kerege isha imeshaswaliwa, watu wameshanawa mikono, na wewe uko chini.

Nilirudi huku baada ya arobaini nikiwa na neno moja tu: huu ukungu umeninyima kumzika mama yangu. Sikukoroga unga. Sikufungua dirisha. Mussa aliniambia niseme neno, anaomba kazi Dar, tunahama. Alikuwa tayari, na mtu huyo namshukuru mpaka leo. Nilikaribia kusema.

Aliyenitoa ni yule yule Mama Atu. Alikuja kunipa pole, akaiona ndoo tupu pembeni, akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake. Naomba usikasirike, maana kazi yake huyo mama ni kupika ugimbi, pombe yao ya ulezi. Moto wake hauzimwi. Jioni anaufukia kwenye majivu, chungu anakiviringisha blanketi kama mtoto mchanga, anakiweka hatua moja kutoka mafigani. Akanichukua kiganja akakibandika kwenye chungu. Vuguvugu. Ndani mnachemka polepole, unasikia.

"Unafikiri sisi tungekuwa tunangoja jua," aliniuliza, "wanaume wa hapa wangelewa lini?"

Nilicheka, mama. Mara ya kwanza tangu nikuache. Nikaenda nyumbani nikajenga mafiga, nikatafuta blanketi kuukuu. Ndoo ya kwanza niliisogeza mno, unga ukaiva upande mmoja ukawa uji. Ya pili ukachacha. Ya tatu nilifunua asubuhi, gizani bado, nikakuta umepanda mpaka umegusa kawa. Elimu nimeichukua kwa mpika pombe. Pombe yenyewe sijaionja. Sasa wachuma chai hawapiti tena mbele yangu, wanasimama. Wanavila vya moto, wamesimama kwenye ukungu, na mmoja wao ananiita "Mama Pwani", jina ambalo halikuwa la mtu yeyote kabla yangu.

Kwa hiyo Kaka, unaposoma hapa: sirudi. Nyumba ipangishe, meza mpe binti wa shangazi, anao mkono mzuri. Ukungu sijaupenda na sitajidai. Asubuhi nyingine nikiuona unapanda kutoka bondeni nakumbuka lile gari. Lakini nikirudi Kerege nitakuwa nimeshika kazi ya mama yangu mahali ambapo jua linaniumulia unga. Huku naumua mwenyewe. Sitaki kuiacha kazi hiyo, na wala sitaki nibembelezwe.

Bado neno moja, mama, na hili ni letu wawili hata kama wanasoma. Kila Ijumaa baada ya sala ulikuwa unanipigia, na swali lako lilikuwa moja. "Jua limetoka huko?" Nikakujibu, limetoka. "Na unga umepanda?" Umepanda, mama. Nilikudanganya kila Ijumaa. Nilikuwa nakujibu hivyo nikiwa nimesimama karibu na ndoo ya unga uliolala, kwa sababu sikutaka ushinde. Ukafa ukiamini kwamba mwanao anaota jua. Nisamehe. Nilikuwa na kiburi, na wajua nimekitoa kwa nani.

Leo ni Ijumaa. Jua halijatoka, siku ya sita hii.

Unga umepanda.

Mwenyezi Mungu akurehemu.

Mwanao, kitinda mimba wako