Majivu Kwenye Shimo la Nyungunyungu

Nyegezi,
Mwanza.
15 Septemba, 1957.

Mpendwa kaka Venant,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, wewe pamoja na wifi Paskazia na mtoto. Je, kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimepungua? Mama huniuliza kila siku, ingawa anajua sina la kumjibu. Sisi huku hatuumwi, ila nyumba imekuwa kimya mno tangu bibi atutoke.

Usisikitike kwamba hukuwahi mazishi. Simu ya maandishi ilichelewa kukufikia, na watu wote wanajua hivyo.

Sasa nikueleze jambo la pili, maana baba hapendi kuandika. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba udongo wetu umechoka, afadhali tuhamie ng'ambo, Geita, kama jirani zetu? Bibi ndiye aliyekuwa akikataa. Mimi nami sikutaka, lakini msichana aliyemaliza shule juzi atasema nini mbele ya wakubwa? Nikaona nifanye badala ya kusema.

Nilichimba shimo kivulini, kwenye migomba, kama mwalimu wetu wa bustani alivyotuonyesha. Nikajaza maganda ya mihogo, mabua ya mtama yaliyokatwakatwa na samadi iliyopoa. Nikatia nyungunyungu niliowaokota chini ya magogo ya migomba yaliyooza, nikafunika kwa nyasi na kumwagia maji. Wao hula taka hizo na kuzigeuza mboji nyeusi, laini. Baba alinicheka sana.

"Wenzako wanafuga ng'ombe, wewe minyoo! Utaikamua lini?"

Bibi akamjibu, "Mwache. Hao ng'ombe wako wamekupa nini mwaka huu zaidi ya mavi?" Tulicheka mpaka baba naye akacheka.

Kaka, mboji ile ilikubali. Niliiweka kwenye tuta moja la mchicha, la pili nikaliacha hivi hivi. La kwanza lilistawi mpaka majirani wakaja kuomba mboga. Baba akachota udongo wake, akaufikicha, akaunusa. Akasema nikipata mboji ya kutosha lile shamba dogo la mtama kabla ya mvua, hatuhami mwaka huu. Nikalipanua shimo, nikawa nalilisha kila siku.

Ndipo bibi akafariki. Unajua desturi ya kwetu: moto wa msiba hauzimwi mpaka matanga yaishe, na majivu yake hayalali uani. Siku ya kumaliza nilikuwa ziwani kuchota maji. Akina mama wakafagia uwanja, wakabeba majivu kwa makarai, makaa yangali mekundu, wakayamwaga shimoni kwangu. Nyasi zilipoanza kufuka moshi, wakazizima kwa maji ya sabuni waliyooshea vyombo. Waliona maganda na nyasi, wakadhani ni jalala. Nani angewalaumu?

"Justa, tumekusafishia na nyuma ya nyumba," akaniambia mama Suzana, jirani yetu. "Pumzika sasa, mwanangu." Nikamwambia asante.

Walipoondoka nikafukua. Wa juu walikuwa wamekauka kama nyuzi, na waliokimbilia chini walikuwa wamekufa kwenye tope la majivu. Nimetafuta wengine kila mahali, lakini kiangazi kimekaza ardhi, nao wamezama mbali. Watapanda juu mvua ikinyesha, na sisi tutakuwa tumekwisha ondoka.

Baba hakunicheka safari hii. Alisimama pale shimoni, akasema tu, "Ulijitahidi." Wiki iliyofuata alivuka kwa kivuko cha Kamanga, akapewa pori la kufyeka huko Geita. Barua zako usizitume tena hapa; ngoja nikuandikie kutoka huko.

Nilikuwa nimehifadhi debe moja la mboji chini ya ghala. Jana nilimwomba baba nilibebe. Akasema kwa upole, "Acha, mama. Kule udongo ni mpya."

Basi nimempelekea mama Suzana, kwa mchicha wake. Alifurahi sana, akaniuliza nimeitoa wapi mboji nzuri namna ile. Nikamwambia ilibaki tu.

Baba na mama wanakusalimu. Nisalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu akupe afya ya kifua, na atukutanishe popote tutakapokuwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Justa Mihayo